PS2 ya zamani kwenye TV mpya: ninunue waya gani?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina mashine ya gemu ya PS2 ile nyembamba, mjomba aliniletea kutoka Dubai. Miaka yote nimeichezea kwenye TV ya chogo ya inchi 21 na picha ilikuwa safi tu. Chogo limekufa, nimenunua flati ya inchi 43. Nimechomeka waya uleule wa njano, nyekundu na nyeupe, na picha imekuwa chafu. Kwenye PES, lile gemu la mpira, majina ya wachezaji hayasomeki, wachezaji wamenenepa, na nikibonyeza pasi mpira unatoka kwa kuchelewa. Nina CD moja ya Kimarekani, hiyo inatoka nyeusi na nyeupe kabisa. Muuza duka mmoja anataka kuniuzia kisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI, mwingine anasema nitafute waya wa komponenti, na rafiki yangu anasema nitupe kila kitu ninunue PS3. Nifuate lipi? Niko Morogoro, na watoto wawili wananiuliza kila jioni."

Marahaba, kijana wangu.

Kisanduku kiache dukani. Geuza TV yako uitazame mgongoni na ubavuni. Ukikuta matundu matano ya rangi, yaani kijani, bluu na nyekundu, halafu nyeupe na nyekundu nyingine, nunua waya wa komponenti. Usipoyakuta, nunua adapta ndogo ya HDMI inayochomekwa moja kwa moja kwenye mgongo wa PS2 yenyewe. Ni moja kati ya hayo mawili. Wachezaji kunenepa na pasi kuchelewa ni maradhi mengine, yanatibiwa kwa rimoti, nitayafikia.

Nianze na sababu, maana ukiielewa hakuna muuza duka atakayekuyumbisha tena.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000. Kanuni za kwanza za HDMI, ile njia ya dijitali ya kupitisha picha na sauti kwa waya mmoja, zilitangazwa Desemba 2002. Kwa hiyo mashine yako haikuzaliwa na HDMI, na hakuna waya mtupu utakaoitoa HDMI humo ndani. Ilichonacho ni tundu moja bapa lililoandikwa AV MULTI OUT, lenye pini 12. Kupitia tundu hilo PS2 inaweza kutoa picha kwa njia kadhaa: kompositi, ambayo ndiyo huo waya wa njano, S-Video, komponenti, na RGB. Waya unaonunua ndio unaochagua pini zipi zitumike. Picha nzuri unayoitafuta imo ndani ya mashine tangu siku ile mjomba alipoitoa kwenye boksi. Waya wa njano hauendi kuichukua, basi.

Sasa huo waya wa njano una kosa gani? Ili picha nzima ipite kwenye uzi mmoja, mwanga wa picha na rangi zake hupikwa pamoja kuwa wimbi moja. Fikiria chai ya maziwa. Ikishachemka, uwe na chujio la aina gani, huwezi kuyarudisha maziwa kwenye kopo na chai kwenye birika. TV ikipokea hilo wimbi inalazimika kukisia kipi ni mwanga na kipi ni rangi. Kwenye eneo pana la rangi moja, kama nyasi za uwanja, inakisia vizuri. Kwenye vitu vidogo vyenye kingo kali inakosea, na hakuna kitu kidogo chenye kingo kali kuliko herufi. Sogea karibu na TV utazame jina la mchezaji: utaona vidoto vinavyotambaa pembeni mwa herufi kama sisimizi, na wekundu wa jezi umevuja nje ya mwili wake. Hiyo ndiyo kompositi.

Kwenye komponenti, vitu havipikwi pamoja. Waya wa kijani unabeba mwanga wa picha pamoja na mapigo ya kuiongoza TV. Bluu na nyekundu zinabeba tofauti za rangi. TV inapewa majani, maziwa na sukari kila kimoja kwenye sahani yake. Haina cha kukisia.

Utaniuliza, mbona chogo lilikuwa linapokea waya huohuo wa njano na picha ilikuwa nzuri? Kwa sababu chogo halihifadhi picha. Mstari ukifika unachorwa palepale kwenye kioo, unaofuata unachorwa chini yake, na ule mng'ao laini wa kioo unafunika madoa. Kwa inchi 21 ukiwa umekaa kitini hukuyaona. Flati haiko hivyo. Picha ya PS2 kwa makadirio ni vidoto 640 kwa 480, jumla 307,200. Flati ya Full HD ina vidoto 2,073,600, na kama hiyo yako ni 4K ina 8,294,400, mara 27 ya vile vya gemu. Vidoto vyote hivyo lazima viwake, na TV inalazimika kujitungia vile ambavyo haikuletewa. Ukiipa uchafu inatunga kwa uchafu, tena kwa inchi 43.

Lipo na la pili. Magemu mengi ya PS2 hutoka kwa mtindo unaoitwa 480i, au 576i kwa matoleo ya Ulaya: mashine inatuma mistari ya witiri, halafu ya shufwa, halafu witiri tena, kwa zamu. Chogo lilizaliwa kwa kazi hiyo. Flati inawasha kioo chote kwa mkupuo, hivyo inalazimika kuipokea nusu moja, kuishikilia, kuisubiri ya pili, kuziunganisha, kuzipanua, kisha ndiyo ikuoneshe. Huko kushikilia na kusubiri ndiko kunakokuchelewesha pasi.

Kwa hiyo rudi kwenye kile kisanduku, ambacho mara nyingi huwa kimeandikwa AV2HDMI juu yake. Mbele kina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Maana yake kinaanza na chai iliyokwisha kuchanganywa. Kinaikisia kama TV ilivyokuwa ikikisia, pengine vibaya zaidi, kisha kinaivuta picha hadi 720p au 1080p na kuituma kwa HDMI. Hilo neno 1080p lililoandikwa kwenye boksi ni ukubwa wa gunia. Mchele ni uleule kilo moja. Halafu visanduku vingi vya aina hii vinaivuta picha ijaze upana wote wa kioo, na kwa kuwa TV inadhani imeletewa picha pana halisi, wakati mwingine haikubali tena kuirudisha kwenye umbo lake. Na kwa kuwa nacho kinashikilia picha kabla ya kuituma, unaongeza ucheleweshaji wa pili juu ya ule wa TV. Umelipa pesa upate ulichonacho, kimechelewa zaidi.

Sikitukani. Mtu mwenye deki ya zamani au king'amuzi cha siku nyingi, na TV isiyo na tundu la njano hata moja, kitamfaa. PS2 ina njia bora mgongoni mwake.

Sasa komponenti yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokwama na kurudisha waya mzima dukani wakidai ni mbovu.

Kabla hujachomoa waya wa njano, washa PS2 bila CD. Utaona Browser na System Configuration. Ingia System Configuration, tafuta mstari wa Component Video Out, bonyeza X, uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye njano, kwa sababu njano haiathiriki na chaguo hilo na utaendelea kuona unachofanya. Mtu akianza kwa kubadili waya huku ndani kumebaki RGB, atakutana na rangi za ajabu, au picha inayoyumba, au kioo kitupu, na hapo hata menyu ya kurekebishia haioni.

Kisha zima, badilisha waya, na uwe makini na nyekundu mbili. Moja ni ya picha, imefungwa pamoja na kijani na bluu. Nyingine ni ya sauti, imefungwa na nyeupe. Zinafanana kama mapacha. Ukizibadilisha, spika ya upande mmoja itavuma kama nyuki na wekundu wote utatoweka kwenye picha. Ukisikia huo mvumo usitafute fundi, badilisha tu hizo mbili.

TV nyingi za sasa zimebana nafasi: tundu la kijani linatumika kwa kazi mbili, linapokea kijani ya komponenti au njano ya kawaida. Utaona pembeni yake limeandikwa kitu kama Y/VIDEO. Hapo TV ndiyo huamua, au wewe uamue kwa rimoti, kama inasoma AV au Component. Ukichomeka vyote sawa ukaona picha kali, herufi zinasomeka vizuri, ila nyeusi na nyeupe, furahi: waya ni mzima. Kijani peke yake ni mwanga wa picha bila rangi, na TV yako bado iko kwenye AV. Badilisha chanzo kwa rimoti na rangi zitaingia.

TV nyingine hazina matundu ya mviringo kabisa. Zina vitundu vidogo kama vya hedifoni, vimeandikwa AV IN au COMPONENT IN, na ndani ya katoni huwa kuna kimkia kifupi chenye matundu ya rangi upande wa pili. Kitafute kabla watoto hawajalitupa katoni. Cha kuazima kwa jirani kinaweza kuingia vizuri kabisa na kisifanye kazi, kwa sababu mpangilio wa pete za kile kichwa haufanani kwa kila mtengenezaji. Cha kwako kinaweza kuwa na uzi wa ardhi mahali ambapo cha jirani kina picha.

Ubora wa waya. Usilipie vichwa vya dhahabu. Kwenye HDMI ni upuuzi mtupu kwa kazi hii, picha ya PS2 ni ndogo mno kiasi kwamba waya wowote mzima wa HDMI utaibeba. Kwenye komponenti, ambayo ni analojia, kinachohesabika ni kinga ya ndani na lehemu. Ushike mkononi: waya mzuri wa komponenti ni mnene, kila uzi wa picha una koti lake. Ule mwembamba kama waya wa hedifoni, nyuzi zake zinavujishiana, na utaona kivuli hafifu cha kila kitu upande wa kulia.

Mimi mwenyewe niliwahi kumletea mteja waya wa komponenti nilioununua mahali fulani, umefungwa vizuri, una maandishi ya kuvutia. Tukaweka PES, na Arsenal ikatoka na jezi za rangi ya matope, kijani kilichokufa, kama mlenda wa jana. Nilibadilisha TV, nikabadilisha PS2, nikaingia kwenye menyu mara tatu. Mwisho nikafungua kile kichwa cha plastiki kinachoingia nyuma ya PS2: uzi wa nyekundu ulikuwa umekatwa vizuri, umemenywa vizuri, na haukuwahi kuguswa na lehemu. Dakika mbili za moto wa lehemu, Arsenal ikarudi nyekundu. Tangu siku ile nikinunua waya naenda na mita ya kupimia umeme. Inalia kwenye kila uzi kutoka pini hadi kichwa au siuchukui. Kama huna mita, nenda dukani na PS2 yako, omba ichomekwe hapohapo. Muuzaji anayekataa ameshakupa jibu.

Na usitafute tu waya ulioandikwa PS2. Tundu la AV MULTI OUT ni lilelile kwenye PS3, hivyo waya wa komponenti wa PS3 unaingia na kufanya kazi kwenye PS2 bila tatizo. Madukani wakikwambia wa PS2 umekwisha, uliza wa PS3.

Hapo kuna jambo la matundu kulegea. Dar es Salaam matangazo ya analojia yalipozimwa tarehe 31 Desemba 2012, nyumba zikajaa ving'amuzi, na king'amuzi kikalikalia tundu la njano la TV. Watoto wakajifunza kuchomoa king'amuzi baba akitoka na kukirudisha wakisikia geti. TV zilizopita mikononi mwangu miaka ile zilikuwa na tundu la njano linalocheza kama jino bovu, lehemu imepasuka ndani. TV yako ni mpya, itunze: shika kichwa, usivute waya. Na kama pete ya nje ya kichwa imelegea, sauti itavuma hata kama picha ni nzuri. Ibane kidogo kwa koleo.

Kama TV yako haina komponenti ya aina yoyote, basi ni ile adapta ndogo. Ina ukubwa wa kidole gumba, upande mmoja una kichwa bapa cha AV MULTI OUT, upande wa pili tundu la HDMI, ubavuni kitundu cha sauti cha hedifoni, na mkia mfupi wa USB wa kuipa umeme. Tofauti yake na kile kisanduku ni mahali inapochukua picha: hii inaipata kwenye pini za komponenti, kabla ya chai kuchanganywa, inaigeuza kuwa dijitali na kuituma. Nyingi hazipanui chochote, zinapitisha picha ilivyo, na hilo ni jema kwako kwa kuwa haziongezi kuchelewa kwa maana. Mkia wa USB uchomeke mbele ya PS2 au kwenye TV. Ile menyu ya Component Video Out inahusika hapa vilevile: Y Cb/Pb Cr/Pr, la sivyo rangi zitakuwa za jini.

Onyo moja kwa anayetaka kuitumia kwenye kioo cha kompyuta: kwa kuwa inapitisha 480i ilivyo, vioo vingi vya kompyuta huikataa na kuandika hakuna mawimbi. TV nyingi huikubali.

Ukiniuliza nachagua ipi nikiwa na zote mbili, nachukua komponenti nzuri. Adapta hizi hutofautiana. Nimeona zenye picha safi na zenye weusi wa kijivu, zote za umbo na rangi moja. Lakini hata ile ya kijivu inaushinda waya wa njano kwa mbali, na majina ya PES yatasomeka.

Vipo vifaa vya watu wenye mahaba na jambo hili, kama OSSC na RetroTINK, vinavyopokea komponenti na kuipanua vizuri sana. Nimeona kazi ya OSSC, ni safi kwelikweli, na haikawii hata kidogo. Ila kwa bei yake utanunua PS2 nyingine na padi za kutosha. Wewe una watoto wawili wanaosubiri jioni. Hilo liache kwa wakati mwingine.

Sasa rimoti. Wachezaji wako wamenenepa kwa sababu picha ya PS2 ina umbo la 4:3 na flati inaivuta ijaze 16:9. Ingia kwenye ukubwa wa picha wa TV uchague 4:3. Utabaki na mapande mawili meusi kushoto na kulia; yavumilie, mpira utakuwa duara tena. Magemu mengine, God of War kwa mfano, yana chaguo la picha pana ndani ya mipangilio yake, hapo rudisha TV kwenye 16:9.

Kwa kuchelewa, tafuta hali ya picha inayoitwa Game. TV nyingine zimeificha kwenye mipangilio ya jumla badala ya picha. Hali hiyo inazima upambaji mwingi unaofanywa kwenye picha kabla hujaoneshwa: kulainisha mwendo, kuondoa chenga, kunogesha rangi. Gemu la picha 60 kwa sekunde linabadilika kila baada ya milisekunde 16 na ushee. TV ikitumia milisekunde 100 kupamba, mchezaji unayemwona ni wa picha sita zilizopita. Umeshanyang'anywa mpira na hujui. Baada ya Game, shusha Sharpness karibu na sifuri. Watu huipandisha wakidhani wanasafisha, kumbe wanaichorea kila herufi ukingo mweupe wa ziada.

Ukifanya haya mawili leo, kabla hujanunua chochote, nusu ya malalamiko yako itaondoka.

Ile CD ya Kimarekani. Waya wa njano unabeba rangi kwa lugha mbili, PAL na NTSC. Afrika Mashariki tulikua na PAL. Marekani na Japani ni NTSC. CD ya Kimarekani inaifanya PS2 itume NTSC, na TV iliyofungwa kwenye PAL inaelewa mwanga lakini haielewi rangi, ndiyo maana unapata sinema ya kale. Kwenye menyu ya TV, ukiwa kwenye AV, tafuta Color System uweke Auto au NTSC. Ila ukihamia komponenti tatizo linakufa lenyewe, kwa kuwa huko rangi hazipitishwi kwa PAL wala NTSC. Zinapita zilivyo.

S-Video iruke. Ni bora kuliko njano, lakini tundu lake halipo tena kwenye flati. RGB nayo ni ya wasomaji wetu walioko Ulaya wenye TV zenye tundu pana la SCART la pini 21: picha yake ni nzuri sawa na komponenti, na kule ndiyo ile menyu iwekwe RGB. Washangae tu wakiweka DVD ya sinema na kuona kila kitu kijani. PS2 haitoi sinema za DVD kwa RGB, si ugonjwa.

Rafiki yako wa PS3 ana hoja nusu. PS3 ilianza kuuzwa Novemba 2006 na ina HDMI. Lakini matoleo ya mwanzo tu ndiyo yanayosoma CD za PS2; Sony waliiondoa kazi hiyo kwenye yaliyofuata, na ile nyembamba atakayokuuzia mtu leo haitazisoma kabisa. Kama unataka magemu ya PS3, nunua PS3. Kama unataka PES yako na memori kadi yenye ligi uliyoifikisha msimu wa kumi, baki ulipo.

Ukishazoea komponenti au ile adapta, kuna kitu kitamu zaidi. Baadhi ya magemu ya PS2 yanaweza kutoa 480p, yaani picha nzima kwa mkupuo badala ya mistari ya zamu, na hapo TV haina tena cha kuunganisha. Mengine yanakupa chaguo kwenye menyu, mengine unashikilia X na pembetatu kwa pamoja gemu likiwa linafunguka. Toleo la Kimarekani la Gran Turismo 4 linafika hadi 1080i, mwaka 2005 hilo lilikuwa jambo la kumwita jirani. Wanaofungulia magemu kwa memori kadi kupitia programu ya Open PS2 Loader wana kipengele cha GSM cha kulilazimisha gemu litoke 480p. Mengine yanakubali, mengine yanaganda, ujaribu moja moja. Ila usithubutu ukiwa bado na waya wa njano. Kompositi haipitishi 480p, kioo kitakuwa cheusi, na utaniandikia tena ukisema PS2 imekufa. Haijakufa, zima, washa, usishikilie kitu.

Chogo lako sijui limekufa kwa nini, huenda linatibika. Ukilipeleka kwa fundi, mwache afungue yeye. Kioo cha chogo cha rangi hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000 na hubaki na chaji hata likiwa limechomolewa ukutani. Likipona, liwekee kona. Bunduki ya gemu ya GunCon 2, kwa mfano, haifanyi kazi kwenye flati hata uipe waya wa mfalme, kwa sababu inavizia ule mwanga unaochora mistari kwenye kioo, na flati haina mwanga huo.

Na ule waya wa njano nao usiutupe. PS2 inasoma CD za PS1, na magemu mengi ya PS1 yalikuwa yanatoa picha ya mistari 240, mtindo ambao flati nyingi haziukubali kupitia komponenti: zinaandika hakuna mawimbi, au picha inaruka. Kupitia njano mara nyingi zinaupokea. Kwa hiyo siku hao watoto wakiifukua CD ya PS1 chini ya kabati na kioo kikakataa, chomoa vichwa vitano, rudisha vitatu, njano kwenye lile tundu la kijani, rimoti kwenye AV.